Gongo na Mpira

Huko Marekani uko mchezo mmoja upendwao mno na watu, wakubwa kwa wadogo, nao huitwa besiboli. Mtu mmoja hurusha mpira mdogo mgumu kwa nguvu zake zote. Mwingine, aliyesimama mbele yake na gongo mikononi, hujaribu kuupiga mpira ule uende mbali, mahali ambapo wapinzani wake hawawezi kuudaka. Sheria za mchezo huo ni nyingi, wala si lazima kuzieleza zote hapa. Jambo litakaloelezwa ni lile pigo lenyewe: jinsi mtu awezavyo kulizungusha gongo la mti na kuutupa mpira mwendo wa futi 400, na kwa nini mtu mwingine mwenye nguvu kama zake hawezi.

Mchezo huu haujaenea sana katika Afrika ya Mashariki, ingawa mwaka 2012 wavulana wa Lugazi, katika Uganda, walisafiri hata Williamsport, Pennsylvania, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano makubwa ya watoto wa dunia nzima. Lakini kila aliyepata kupasua kuni kwa shoka, au kulima kwa jembe, au kutwanga kwa mchi, amekwisha kuzionja kwa mikono yake sheria zile zile zinazolitawala gongo la Wamarekani.

Mpira wa besiboli hauna hewa ndani kama mpira wa miguu. Katikati mna tonge dogo la lile gamba jepesi la mti lifanywalo vizibo vya chupa, nalo limevikwa mpira. Juu yake zimezongwa nyuzi za sufu, mamia ya yadi. Na juu ya yote imeshonwa ngozi ya ng'ombe kwa uzi mwekundu. Uzito wake ni wakia 5 na kitu kidogo, na mzingo wake yapata inchi 9. Ni mgumu, si jambo la kuchezea. Gongo nalo hufanywa kwa kipande kimoja cha mti, jembamba penye mpini na nene upande wa kichwa. Kwa sheria ya wachezaji wakuu halina ruhusa kupita inchi 42 kwa urefu, wala inchi 2.61 kwa unene. Lakini magongo mengi ni ya inchi 33 au 34, na uzito wake ni wakia 31 hata 33, yaani kama ratili 2.

Tangu mwaka 1893 umbali kati ya mtupaji na mpigaji umewekwa kuwa futi 60 na inchi 6. Walakini mtupaji hupiga hatua kubwa mbele anaporusha, hata mpira uachapo mkono wake huwa umebakiwa na futi 55 tu. Mtupaji hodari huurusha kwa mwendo wa maili 90 kwa saa. Mwenye kujua hesabu na aibadilishe hiyo maili kuwa futi, na saa kuwa sekunde: ataona kwamba mpira huo hukata futi 132 kila sekunde. Basi huzimaliza zile futi 55 kwa sekunde 0.4 na kidogo zaidi. Mwaka 2010 ulipimwa mpira mmoja uliopita maili 105 kwa saa, na huo hata sekunde 0.4 haukuzitimiza.

Katika muda huo mfupi mpigaji ana mambo mengi ya kufanya. Macho yauone mpira, akili iamue kama unafaa kupigwa na utapita wapi, kisha viungo vitii. Kulizungusha gongo tu, tangu linapoanza kwenda hata likutane na mpira, huchukua sekunde 0.15 au karibu na hapo. Kwa hiyo uamuzi hauna budi kufanywa mpira ungali njiani, na hatua za mwisho jicho haliwezi tena kuufuata sawasawa, kwa kuwa unapita karibu mno na upesi mno. Akichelewa au akitangulia kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, gongo huwa limekwisha kugeuka mno au halijageuka vya kutosha, na mpira hutoka pembeni nje ya mpaka. Ndiyo sababu hata mabingwa hushindwa mara nyingi kuliko wanavyofaulu. Ted Williams wa Boston alisifiwa sana mwaka 1941 kwa kuwa katika kila mara 1,000 alifaulu mara 406. Tangu mwaka huo hakuna mchezaji wa ligi zile mbili kuu aliyefikia hata 400 kwa mwaka mzima.

Wala hatari haikosekani. Tarehe 16 Agosti 1920, katika mji wa New York, Ray Chapman wa timu ya Cleveland alipigwa kichwani na mpira. Siku hizo mpira mmoja ulitumiwa mpaka ukawa mweusi kwa udongo na mate ya watupaji, na walioona walisema kwamba Chapman hakujisogeza hata kidogo, kana kwamba hakuuona ukija. Akafa kesho yake. Baada ya hayo waamuzi waliagizwa kuutoa mchezoni kila mpira uliochafuka, ili mpigaji apate kuona kitu cheupe. Kofia ngumu za kukinga kichwa hazikuwa lazima kwa wachezaji wapya wa ligi kuu mpaka mwaka 1971, yaani zaidi ya miaka 50 tangu kifo kile. Ni ajabu jinsi watu wanavyokawia kujikinga na jambo wanalolijua.

Sasa na tazamwe pigo lenyewe. Watu wengi hudhani kwamba mpigaji hupiga kwa mikono. Kama ingekuwa hivyo, mwenye mikono minene kupita wote angekuwa bingwa, lakini sivyo. Katika ile sekunde 0.15 gongo lapasa kutoka katika kusimama hata kufika mwendo wa maili 70 kwa saa penye kichwa chake. Kazi hiyo kwa muda huo yashinda nguvu za farasi mmoja, na misuli ya mikono haitoshi. Inatoka wapi basi? Inatoka katika miguu na mapaja na kiuno, ambamo mna misuli mikubwa kupita yote ya mwili.

Mpigaji husimama ubavu kwa mtupaji, uzito wake umelala mguu wa nyuma. Mpira unapokuja hupiga hatua fupi mbele, na mwili wote huanza kusogea. Mguu wa mbele ukikanyaga chini na kukazwa, mwendo ule wa mbele huzuiwa kwa chini, basi kiuno hugeuka kwa nguvu. Kiuno hutangulia, mabega bado yako nyuma, na gongo li nyuma zaidi. Kisha kiuno kikipunguza mwendo, mabega hupokea na kugeuka upesi kuliko kiuno. Mabega yakipunguza, mikono hupokea. Na mikono ikipunguza, gongo hufyatuka na kwenda mbio kupita vyote vilivyolitangulia. Kila kiungo humkabidhi mwenziwe mwendo wake, na kila anayepokea ni mwepesi kuliko yule aliyempa, ndiyo maana mbio huzidi. Mchungaji apigapo mjeledi hufanya vivyo hivyo: mkono wake hauendi upesi sana, bali ncha ya mjeledi yaenda upesi hata ikalia. Wazee husema mkono mmoja haulei mwana. Na gongo hili halipigwi kwa mikono miwili tu.

Liko jambo jingine katika mzunguko huo ambalo mtazamaji halioni. Kitu chochote kinachozungushwa hutaka kwenda zake moja kwa moja, kama jiwe la kombeo linavyokwenda mara liachiliwapo. Ili gongo lisimponyoke, mpigaji hana budi kulivuta kuelekea kwake muda wote linapozunguka. Mwishoni, lifikapo penye mpira, mvuto huo hupita ratili 100, kana kwamba mtu ananyanyua nusu ya gunia la mahindi. Kwa sababu hiyo kitako cha gongo hufanywa kifundo ili mkono usiteleze, na kwa sababu hiyo mpigaji mzuri huonekana amejiegemeza nyuma kidogo wakati wa kupiga. Anashindana na gongo lake mwenyewe.

Mwaka 2024 ligi kuu ilianza kutangaza mwendo wa gongo la kila mchezaji, baada ya kuupima kwa kamera, na wastani wake ulikuwa yapata maili 72 kwa saa. Mwendo huo una faida gani? Hapa yafaa kufanya hesabu kidogo. Gongo na mpira vikikutana, mwendo wa mpira unaotoka hupatikana katika mambo mawili: mwendo wa gongo, na mwendo wa mpira ulipokuja. Lakini mambo hayo hayana haki sawa. Kila maili 1 ya mwendo wa gongo hutia yapata maili 1.2 katika mwendo wa mpira unaotoka. Bali kila maili 1 ya mwendo wa mpira ulivyokuja hutia yapata 0.2 tu. Mathalan mpira umetupwa kwa maili 90, na hewa imeupunguza mpaka maili 82 ulipofika kwa mpigaji. Mara 0.2 ni 16 na kitu. Gongo laenda maili 70, mara 1.2 ni 84. Jumla yake ni kama maili 100 kwa saa. Basi wale wasemao kwamba mpira ukitupwa kwa nguvu hujirudisha wenyewe kwa nguvu wamesema kweli, ila ni kweli ndogo. Sehemu kubwa ni ya mpigaji.

Hiyo sehemu ndogo ya mpira imekuwa ndogo kwa kuwa mpira haurudi vizuri. Mpira wa besiboli ukidondoshwa juu ya sakafu ngumu kutoka futi 10, hupanda yapata futi 3 tu. Ukipigwa na gongo hubonyea upande mmoja kama donge la unga lililobanwa kwa kidole gumba, nyuzi zake za ndani zasuguana, na nguvu nyingi hupotea kwa kuwa joto. Kubonyea na kurudi huko hutimia chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika kitambo hicho nguvu iliyo kati ya gongo na mpira huwa kwa wastani zaidi ya ratili 3,000, ambazo ni uzito wa magunia 15 ya mahindi. Jicho haliwezi kuliona jambo hilo. Liliwahi kuonekana katika picha tu, tangu Harold Edgerton wa Massachusetts alipobuni, katika miaka ya 1930, taa za kumulika kwa kitambo kidogo mno, zenye kusimamisha katika picha vitu vinavyokwenda mbio.

Na kwa sababu kitambo hicho ni kidogo hivyo, lafuata jambo ambalo wachezaji wengi hukataa kulisadiki. Mpira ukigusa kichwa cha gongo, mshtuko husafiri kwa mti mpaka penye mikono, kisha hurudi. Lakini urudipo, mpira umekwisha kuondoka. Mpira haujui kama gongo limeshikwa na mtu. Ingewezekana mpigaji kuliachilia gongo nukta ile ile ya kugusana, mpira ungekwenda mbali vile vile. Kumbe basi kulibana gongo kwa nguvu wakati wa kugusana hakuongezi kitu. Kazi yote ya mpigaji imekwisha kabla ya hapo, yaani kulipa gongo mwendo na kulifikisha mahali panapotakiwa.

Mahali panapotakiwa ni wapi? Si nchani, wala si katikati. Wachezaji hujua kwa mikono yao kwamba pako mahali pamoja kichwani mwa gongo ambapo mpira ukigonga, mpigaji karibu hasikii kitu viganjani, na mpira hutoka kama uliofyatuliwa. Ukigonga pengine, hasa siku ya baridi, mikono huuma kana kwamba imechomwa na nyuki. Mkulima ambaye jembe lake limegonga jiwe kwa pembe anaujua uchungu huo.

Jambo hili laweza kujaribiwa shuleni. Mwanafunzi na atafute mchi, au gongo lolote lenye unene upande mmoja. Na alishike upande mwembamba kwa vidole viwili tu, cha gumba na cha shahada, kama inchi 6 kutoka mwisho wake, aliache lining'inie. Mwenziwe na aligonge polepole kwa nyundo ndogo, akianzia ncha ya chini na kupanda inchi moja moja. Nchani vidole husikia mtetemo. Akipanda, mtetemo hupungua, hata afike mahali ambapo hausikiki kabisa, na mlio nao hubadilika. Katika gongo la besiboli ni yapata inchi 5 hata 7 kutoka nchani. Akipita hapo mtetemo hurudi.

Sababu yake ni hii. Mti huonekana mgumu, lakini ukipigwa hupindika kama upinde, ukarudi, ukapindika upande wa pili, mara 170 na zaidi katika sekunde moja. Walakini si kila mahali pa gongo panapotikisika. Watoto wawili wakishika kamba ndefu na kuitikisa mpaka ifanye matumbo mawili, moja likipanda na jingine likishuka, katikati ya matumbo hayo kuna mahali palipotulia. Na katika gongo pako mahali palipotulia namna hiyo. Mpira ukigonga hapo hauwezi kuamsha mtetemo ule, nayo nguvu ambayo ingepotea katika kulitikisa gongo huenda pamoja na mpira. Kwa hiyo mkono usiouma na mpira uendao mbali ni mambo mawili yenye chanzo kimoja.

Tena pana sababu ya pili. Fimbo iliyonyoka, yenye unene mmoja, na ilazwe juu ya sakafu laini ya saruji, kisha ipigwe ghafula karibu na ncha moja. Ile ncha ya pili hurudi nyuma. Ikipigwa katikati, fimbo nzima huenda mbele. Basi lazima kati ya ncha na katikati pawe na mahali ambapo, fimbo ikipigwa, ile ncha ya mbali haiendi mbele wala nyuma kwa mara ya kwanza. Katika fimbo ya namna hiyo mahali hapo ni penye theluthi mbili za urefu, ukipima kutoka ile ncha iliyotulia. Gongo nalo lina mahali pake, karibu na pale pasipo mtetemo, na mpira ukigonga hapo mpini haurukii mbele wala nyuma mikononi mwa mtu. Mafundi wa zamani waliochonga mashoka hawakusoma habari hizi, na hata hivyo urefu wa mipini yao waonyesha kwamba waliijua siri hiyo.

Swali la uzito limewasumbua wachezaji tangu zamani. Gongo zito na gongo jepesi yakienda kwa mwendo mmoja, zito hupiga mpira mbali zaidi. Lakini hayaendi kwa mwendo mmoja, kwa sababu zito hukawia. Wala uzito wa mizani si jambo lote. Mtu na ashike shoka penye mwisho wa mpini alipeperushe huku na huku; kisha na aligeuze, alishike karibu na chuma, apeperushe mpini. Shoka ni lile lile na uzito ni ule ule, lakini mara ya pili huwa jepesi sana kugeuza, kwa kuwa chuma kiko karibu na mkono. Vivyo hivyo magongo mawili ya wakia 32 yaweza kuwa tofauti kabisa, moja lenye uzito kichwani, na jingine lenye uzito karibu na mikono.

Babe Ruth, aliyepiga mipira 60 nje ya uwanja mwaka 1927, alitumia magongo yaliyopita wakia 40, ya mti mzito uitwao hikori. Mwaka 1921 alipelekwa katika Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, akapimwa macho, masikio na wepesi wa mikono, maana watu walitaka kujua ana nini ambacho wengine hawana. Ikaonekana ni mwepesi wa kuona na kutenda kuliko watu wengi. Mtu kama huyo aliweza kulichukua gongo zito na asichelewe. Ted Williams alichagua magongo mepesi, na wachezaji wa siku hizi wengi humfuata yeye. Williams tena alifundisha kwamba gongo lipande kidogo likutanapo na mpira. Maana mpira hutoka juu mkononi mwa mtupaji, na uzito wake huuvuta chini, hata ufikapo huwa unateremka. Basi gongo lipandalo kidogo huwa katika njia moja na mpira kwa muda mrefu zaidi kuliko gongo liendalo sawa na ardhi, na mpigaji akikosea saa kidogo bado huugusa.

Wako waliotafuta wepesi kwa njia ya hila. Hutoboa kichwa cha gongo kwa kekee, tundu la inchi 1 kwa upana na kama inchi 10 kwa kina, wakalijaza lile gamba la vizibo, kisha wakaziba na kusugua mpaka pasionekane alama. Sheria inakataza jambo hilo. Tarehe 3 Juni 2003 Sammy Sosa wa Chicago, mpigaji aliyependwa mno, alipiga mpira gongo lake likavunjika, na waamuzi walipookota vipande waliona vizibo ndani. Yeye alisema kwamba ni gongo la mazoezi, alilichukua kwa makosa. Magongo yake mengine yakachunguzwa yote, pasionekane hila. Hata hivyo alizuiwa kucheza michezo 7.

Swali la mtaalamu ni jingine: je, hila hiyo ina faida? Alan Nathan wa Chuo Kikuu cha Illinois na wenzake waliifanyia majaribio, wakitumia gongo moja kabla na baada ya kutobolewa, na mwaka 2011 walitangaza matokeo. Vizibo haviufanyi mpira uruke zaidi, kwa kuwa ni laini mno kuurudishia kitu katika ule muda mfupi. Gongo lililopungua wakia 2 huzungushwa upesi kidogo, ni kweli, lakini likiwa jepesi husukuma kwa uzito mdogo pia, na faida yaliwa na hasara. Mpira hauendi mbali zaidi. Faida ikiwapo ni hii tu, kwamba mpigaji aweza kungoja kidogo kabla ya kuamua. Nayo angeipata kwa halali kwa kushika gongo inchi moja juu ya kitako chake. Watu walihatarisha majina yao kwa kitu ambacho hakikuwapo.

Magongo ya alumini, yaliyo wazi ndani, ni habari nyingine: ukuta wake mwembamba hubonyea na kurudi, hata mpira haubonyei sana na haupotezi nguvu nyingi. Hutumiwa katika vyuo na shule. Ligi kuu haiyaruhusu.

Mpira ukiisha kuondoka, mwenye amri ni hewa. Mpira wa maili 100 kwa saa, uliopigwa kwenda juu kwa pembe ya digrii 45 mahali pasipo hewa, ungekwenda zaidi ya futi 660. Lakini hewa huuzuia, nao huanguka penye futi 400 hivi, tena pembe iliyo nzuri si 45 bali karibu na 28. Na gongo likiugonga mpira chini kidogo ya kitovu chake, mpira hutoka ukijizungusha kinyumenyume, na mzunguko huo katika hewa huubeba usianguke upesi. Katika Denver, mji ulio maili 1 juu ya bahari, hewa ni nyembamba, na mpira huenda mbali zaidi kuliko pwani. Wenye uwanja wa huko wameihifadhi mipira katika chumba chenye unyevu tangu mwaka 2002, ili isikauke na kuruka mno. Nairobi uko juu kuliko Denver. Basi wakazi wake wakianza mchezo huu, watupaji wao watakuwa na taabu ile ile.

Limebaki neno la mti wenyewe. Kwa miaka mingi magongo yalifanywa kwa mti wa nchi za baridi uitwao eshi. Mwaka 2001 Barry Bonds alipiga mipira 73 nje ya uwanja kwa gongo la mti mwingine, uitwao mepo, na baada ya hayo wachezaji wengi wakautaka. Lakini eshi ukichoka huchanika vipande virefu vinavyoshikamana, bali mepo hukatika ghafula, na nusu ya gongo yenye ncha kali huruka uwanjani kama mkuki. Wachezaji na watazamaji waliumia. Mwaka 2008 magongo yaliyovunjika zaidi ya 2,000 yalikusanywa na kuchunguzwa na wataalamu wa mbao, pamoja na wale wa maabara ya serikali iliyoko Wisconsin. Wakaona kwamba kosa kubwa ni nyuzi za mti kutokwenda sawa na urefu wa gongo. Kila fundi wa mipini alijua jambo hilo: nyuzi zikienda mshazari, mpini hukatika penye mshazari. Shida ya mepo ni kwamba nyuzi zake hazionekani kwa macho. Kwa hiyo sheria iliagiza kwamba kila gongo la mepo litiwe tone la wino mweusi juu ya mpini kabla ya kupakwa rangi. Wino hukimbia kufuata nyuzi, ukaacha mstari mdogo. Na mstari huo ukiwa umepotoka zaidi ya digrii 3 kutoka katika urefu wa gongo, gongo hilo halipelekwi uwanjani.